Ganti haioshi mkono

Kila tarehe 5 Mei Shirika la Afya Duniani, OMS, huadhimisha siku ya usafi wa mikono katika huduma za afya. Ujumbe wa mwaka 2025 ulikuwa mfupi: huenda ganti (glavu, kama wanavyosema wenzetu wa Tanzania) zikahitajika, lakini usafi wa mikono unahitajika siku zote. Ulifika Goma, mashariki mwa Kongo, kama habari nyingi zinavyofika hapa, vipande vipande, kwa simu na kwa midomo ya watu, na ulipofika ulikuwa umeshageuka. Mara ya kwanza niliusikia kwa mtu wa labo (maabara) aliyeutumia kujitetea: "Hata OMS wanasema ganti si lazima." Mara ya pili niliusikia kwa mama mmoja wa mtaa wa Majengo, naye akiwa na hasira, kwamba sasa wanataka maskini tutobolewe kwa mikono mitupu ili gharama zipungue. Wote wawili waliuelewa vibaya, na wako wengi wanaofikiri kama wao.

Msimamo wangu ni huu. Mgonjwa anayedai kuona ganti kabla ya kunyoosha mkono wake ana haki, na woga wake una msingi. Ila jicho lake limeelekezwa mahali pasipo. Katika kuchukua damu, ganti humlinda kwanza yule anayechukua. Anayechukuliwa analindwa na sindano mpya, na ngozi iliyosafishwa ikaachwa ikauka, na mikono iliyosafishwa kabla ganti mpya hazijavaliwa. Tukiendelea kuulizia ganti peke yake, tutapata ganti, na hatari itabaki palepale. Na mgonjwa hakujitungia kosa hilo. Alifundishwa.

Tuanze na kilichoandikwa. Mwongozo wa OMS wa mwaka 2010 kuhusu kuchukua damu hauna utata: anayechukua damu ya mshipa avae ganti zinazomtosha, si lazima ziwe za upasuaji, na azibadilishe kwa kila mgonjwa. Kabla ya kuzivaa asafishe mikono, na akishazivua aisafishe tena, kwa sababu ganti za kawaida huweza kuwa na matundu yasiyoonekana na kwa sababu mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Alkoli ya asilimia 70 ipakwe penye mshipa, iachwe ikauke kwa sekunde 30 hivi, kisha mahali pale pasiguswe tena. Lakini OMS hiyohiyo inasema pia kwamba sindano ya msuli, au chanjo kwenye ngozi isiyo na kidonda, haihitaji ganti. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mama aliyempeleka mtoto chanjo Jumanne akamkuta mchanjaji hana ganti, kisha Alhamisi akaenda labo akamkuta aliyevaa, hubaki anajiuliza nani kati yao ni mzembe. Kumbe wote wawili wanaweza kuwa sahihi, mradi mikono yao ilisafishwa. Chanjo kwa kawaida haimwagi damu juu ya mchanjaji. Mshipa uliotobolewa unaweza kumwaga.

Wauguzi waliosomea kazi hii miaka ya 1970 walichukua damu kwa mikono mitupu, na hakuna aliyewaona wachafu. Ganti ziliingia kwa nguvu ya UKIMWI. Mwaka 1987 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilipendekeza kwamba damu ya kila mgonjwa ihesabiwe kuwa huenda ina maambukizi, bila kuangalia sura yake wala hadhi yake, na ganti zikawa sehemu ya kanuni hiyo. Yaani tangu mwanzo, katika kazi hii ya kutoboa mshipa, ganti ilikuwa ukuta kati ya damu ya mgonjwa na ngozi ya mtumishi. Hakuna ubaya katika hilo, mtumishi naye ana watoto wanaomsubiri nyumbani. Lakini fikiria maana yake kwa yule aliyekaa upande wa pili wa meza. Mtumishi akivaa ganti saa mbili asubuhi akazivua saa sita, yeye amelindwa muda wote huo, hata zichafuke namna gani. Mgonjwa wa kumi na tano hapati chochote katika ulinzi huo, isipokuwa mabaki ya wale kumi na wanne waliomtangulia kitini.

Kwa nini basi sisi wa Goma tunaangalia ganti tu? Naamini jibu liko getini. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na zaidi ilipothibitishwa mjini kwetu tarehe 14 Julai 2019, ndoo na matangi ya kunawia yalienea mji mzima: benki, kanisani, shuleni, sokoni Virunga, kwenye mpaka wa Petite Barrière. Tulinawa maji ya kloro, tukapimwa joto, tukaingia. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki katika eneo zima, na COVID-19 ilikuwa imeshayakuta matangi hayo palepale. Kipindupindu hakijatuacha, na mwaka 2024 ikaongezeka mpox. Kando ya ziwa, mtoto anayeteka maji hukutana na mtu mwenye bomba la sindano anayemtilia kloro ndani ya bidoni. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba watu wa Goma hawajui usafi. Tunajua sana. Lakini katika miaka yote hiyo tulifundishwa kwamba mikono ya kunawishwa ni ya anayeingia: mgonjwa, ndugu yake, muuza ndizi. Usiponawa, mlinzi wa geti anakurudisha. Ndani, penye kiti cha labo, hakuna mlinzi. Mgonjwa hakuambiwa kwamba ule mkono mwingine, ulioshika sindano, nao una zamu yake ya kunawa, na kwamba yeye anaruhusiwa kuutazama. Alichoonyeshwa katika picha zote za Ebola ni waganga waliofunikwa tangu utosini hadi vidoleni. Akashika kwamba usafi ni kufunikwa.

Niliwahi kukaa nyuma ya mama mmoja kwenye foleni ya labo, katika kituo kimoja cha hapa mjini. Kijana wa labo alikuwa mwepesi na mwenye adabu, kila mtu akimwita mama au papa. Ganti zake zilikuwa nyeupe za rangi ya maziwa, na ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto alikuwa ameikata kwa mkasi ili ausikie mshipa. Kidole kilichungulia hapo kikiwa na doa la wino wa kalamu. Kwa ganti hizohizo alipokea fishi, yaani kadi ya mgonjwa, akafungua daftari, akaandika jina, akajibu simu, akamfunga mama yule mpira wa mkononi, akapaka alkoli, akapuliza ikauke, akaupapasa mshipa tena kwa kidole kilekile, akachoma. Kabla hajachoma mama alisema polepole, "Munganga, samahani, hakuna ganti zingine?" Akajibiwa bila ukali wowote: "Mama, si unaona nimevaa?" Na kweli alikuwa amevaa. Mama akanyamaza. Swali lake lilikuwa limejibiwa kama lilivyoulizwa.

Niseme kwa haki kwamba sindano ilikuwa mpya, na kijana aliifungua mbele ya macho yake. Hilo nalo lina historia, na ni historia ya nchi hii. Mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo, katika hospitali ya misheni, kila asubuhi zilitolewa sindano tano kwa ajili ya wagonjwa wa nje. Zilisuuzwa katika maji ya vuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa, kazi ikaendelea. Watu 318 walipata ugonjwa ambao dunia ilikuja kuuita Ebola, na 280 kati yao wakafa. Waliokuwa wakichoma sindano zile hawakuwa watu wabaya. Hawakuona chochote, kwa sababu hakuna cha kuona: damu inayotosha kuua haihitaji kuonekana. Leo mgonjwa wa Goma, hata asiyejua kusoma, hawezi kukubali sindano ambayo hakuiona ikitolewa kwenye mfuko wake. Atauliza, ndugu zake watauliza, na mtumishi ataona ni jambo la kawaida kuulizwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mgonjwa hawezi kuelewa. Jicho lake lilishafundishwa mara moja, likajifunza vizuri sana. Kilichobaki ni kulisogeza kutoka kwenye sindano hadi kwenye vidole vinavyoishika.

Watu wa labo wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Wanasema mshipa hausikiki ndani ya ganti, hasa kwa mtoto mchanga au mtu aliyeishiwa maji. Ni kweli, tena ganti ikiwa kubwa kuliko mkono ndiyo mbaya zaidi. Lakini mshipa unaweza kutafutwa kwanza kwa kidole kitupu kilichosafishwa, kisha ganti zikavaliwa, ngozi ikapakwa alkoli, na mahali pale pasiguswe tena. Kukata ncha ya ganti kunaharibu pande zote mbili: mtumishi hana kinga tena penye kidole kinachokaa karibu kabisa na sindano, na mgonjwa anaguswa na kidole kile ambacho ganti ilipaswa kukifunika. Wanasema pia kwamba foleni ni ndefu. Hiyo ni hoja ya kweli kuliko zote, na sitaki kuidharau. Mtu mmoja anayechukua damu ya watu arobaini asubuhi moja, peke yake, bila mtu wa kumwandikia, anafanya kazi ya watu wawili. Ila kusugua mikono kwa alkoli huchukua sekunde 20 hadi 30, na sekunde 30 ndizo hizohizo ngozi ya mgonjwa inazohitaji ili ikauke. Mambo hayo mawili hayazidi dakika moja: sugua mikono yako, vaa ganti, paka alkoli penye mshipa, iache ikauke, choma. Anayepuliza kwa mdomo ili ikauke upesi anaokoa sekunde chache tu, na juu yake anaongeza mate.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo ninayoisikia mara nyingi kuliko zote: "Nimefanya kazi hii miaka ishirini, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyerudi kulalamika." Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili, juu ya meza au juu ya mpira wa kufungia mkono, kwa siku saba au zaidi. Vikiingia mwilini, dalili huchukua siku 30 hadi 180 kutokea, na wengi hawaoni dalili yoyote, wengine hadi ini limeharibika miaka mingi baadaye. Nani atakayerudi labo miezi mitano baada ya kupimwa malaria, macho yakiwa ya manjano, aseme ni siku ile? Kutolalamikiwa kunaonyesha tu kwamba ugonjwa hautembei na risiti. Mwenye kutoa hoja hii ajihurumie na yeye mwenyewe pia. Mtumishi asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 kwa 100. Kwa virusi vya UKIMWI ni kama 3 kwa 1,000. Ganti haizuii sindano kupenya, hupunguza tu damu inayoingia. Kinachomkinga kweli mtumishi wa labo dhidi ya homa ya ini B ni chanjo, dozi tatu, na ningependa kila mkuu wa kituo ajue kwa majina ni nani kati ya watu wake ameshazipata.

Upande wa wagonjwa nao una hoja iliyo dhaifu, ingawa inatoka moyoni: kwamba ganti, hata zisipobadilishwa, ni afadhali kuliko mikono mitupu. Utafiti uliofanyika katika hospitali 15 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba watumishi walisafisha mikono mara chache zaidi walipovaa ganti: asilimia 41 ya nafasi walizotakiwa kusafisha, wakati wasiovaa walifika asilimia 50. Hizo ni hospitali zenye maji bombani usiku na mchana. Mkono mtupu ukichafuka, mwenyewe anausikia, unanata, unamsumbua. Mkono uliovaa ganti hauna taarifa. Kwa hiyo ganti inayokaa mkononi asubuhi nzima inaweza kuwa mbaya kuliko mkono uliosafishwa, na mgonjwa anayeridhika kwa kuiona ameridhishwa na vazi.

Kuna wagonjwa wengine ambao hatuwazungumzii, wale wanaoudhika wakiona ganti. Wapo, hasa wazee. Munganga akivaa, mzee anauliza moyoni: ananionea kinyaa? Amesoma nini kwenye fishi yangu? Maumivu haya hayakutoka hewani. Yalitoka katika miaka ambayo ganti zilivaliwa kwa wengine na si kwa wengine, na kila aliyekaa kwenye benchi alijua maana yake pakiti ilipofunguliwa ghafla kwa ajili ya mtu mmoja. Kanuni ya kumtendea kila mtu sawa ilikuja pia kuliponya jeraha hilo, lakini inaponya ikifuatwa bila kuchagua. Mtumishi anayevaa kwa mgeni na kuacha kwa jirani yake, au anayevaa mbili kwa mwanamke aliyekondeana, amemtangazia benchi zima jambo ambalo hata yeye halijui. Kubadilisha ganti kwa kila mtu, mbele yake, ni usafi na ni heshima kwa wakati mmoja.

Basi mgonjwa aulize? Wapo wanaosema hiyo si kazi yake. Mgonjwa haulizwi uji, sembuse kumsimamia munganga. Wengine wanataka kila mgonjwa awe mkaguzi. Nadhani wote wanasahau jinsi kiti kile kinavyomfanya mtu mdogo. Mkono wako umefungwa mpira, mwenzako ana sindano, na majibu yako yatapitia kwake. Watu wanaogopa kuchomwa vibaya kwa makusudi, au fishi yao kuwekwa chini kabisa. Huko Geneva, mjini kwa OMS yenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya wagonjwa saba kati ya kumi wasingejisikia huru kumwomba muuguzi asafishe mikono. Lakini walipoulizwa, "Je, muuguzi mwenyewe akikualika umuulize?", waliosema wangeuliza walizidi wanane kati ya kumi. Kama mtu wa Geneva anaogopa, mama yule wa foleni yangu alikuwa shujaa. Mzigo hauwezi kukaa begani mwake. Mlango ufunguliwe na yule mwenye sindano, kwa maneno machache tu: "Mama, naanza na mikono, halafu ganti mpya, tazama." Hayo hayahitaji bajeti.

Yanayohitaji fedha yapo, na hapa ndipo kutoelewana kuhusu ujumbe wa OMS kunapoleta madhara. Katika vituo vingi mgonjwa hununua vifaa mwenyewe: bomba la sindano, pamba, mara nyingine ganti, vyote vimeandikwa kwenye ordonansi, yaani karatasi ya dawa na vifaa vya kununua. Wagonjwa wakizidi kudai ganti, nini kitatokea? Ganti zitaongezwa kwenye ordonansi. Mama atakuja na jozi yake ndani ya mfuko, atamkabidhi kijana wa labo, naye atazivaa kwa mikono ambayo imetoka kushika simu na fishi za watu kumi. Mama atarudi nyumbani na amani, ameshalipia. Usafi wa mikono hauuziki hivyo. Huwezi kumwandikia mgonjwa mililita tatu za alkoli za kupaka mikono ya munganga, na kwa kuwa hakuna wa kuuziwa, hakuna anayehimiza ununuliwe.

Wengine watasema hatuna uwezo, maji yenyewe yanabebwa kwa bidoni juu ya mawe ya volkano. Hiyo ndiyo sababu ya kuacha kungoja bomba. Fomula ya OMS ya dawa ya kusugua mikono ni alkoli, gliserini kidogo, haidrojeni peroksaidi kidogo zaidi, na maji safi; hutengenezwa katika duka la dawa la hospitali. Hospitali ya Point G mjini Bamako ilitengeneza yake kwa alkoli ya miwa. Mikono yenye uchafu unaoonekana au damu bado inahitaji maji na sabuni, na ndoo yenye bomba inatosha, mradi ikae ndani ya labo.

Mahali pa kuanzia ni meza ile ya labo. Chupa ya alkoli isikae dirishani nyuma ya mtumishi wala ndani ya kabati la mkuu wa kituo. Ikae katikati ya meza, kati ya watu wawili, mahali ambapo mgonjwa akinyoosha mkono ataiona. Karibu yake iwe pakiti ya ganti iliyo wazi, na chini yake ndoo ya kutupia. Mama akikaa kitini ataona ganti za mtu aliyemtangulia zimo ndani ya ndoo, na ataiona mikono ya kijana ikiwa mitupu na yenye unyevu kabla haijavaa nyingine.